Wali wa nazi ufukweni: chini umeungua, juu una kiini, tui limekatika. Kosa liko wapi?

#1 Kijana wa Chumbageni
Wakuu, habari za mchana.

Naomba wajuzi wa jiko la nje. Kuna kundi la watu 24 linakwenda kupiga kambi Ushongo, Pangani, siku mbili, mahema chini ya mivinje. Chakula kikuu ni wali wa nazi na samaki. Safari iliyopita ulipikwa hivi: mchele kilo 3, nazi 5, sufuria moja ndefu ya alumini, mafiga ya mawe juu ya mchanga, kuni za kuokota palepale. Ukatoka na ukoko mweusi unene wa kidole chini, bokoboko katikati, juu punje zina kiini, na mafuta yanaelea kwa sababu tui lilikatika.

Nyumbani mpishi ni yuleyule, mchele uleule, na wali unatoka punje mojamoja. Sasa tatizo ni upepo, sufuria, tui au mchele? Mwenye chakula kingine rahisi cha kambini chenye ladha naye aweke hapa, pamoja na vipimo.

#2 Bibi wa Tongoni
Ni tui. Watu wakifika ufukweni wanavuruga tui la kwanza na la pili pamoja, mchele unatiwa humo toka mwanzo. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, ina mafuta na ina utamu wake. Ikikutana na alumini nyembamba kwenye moto wa kuni, inashika chini kabla punje haijaiva.

Mwanangu, fuata hivi. Nazi zikunwe, kisha machicha yakamuliwe mara ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja kwa nazi mbili. Hiyo ni kasimile, iweke kando. Kamua tena mara ya pili na ya tatu kwa maji zaidi. Hilo tui jepesi ndilo la kupikia. Litie chumvi, libandike, likoroge bila kufunika mpaka lichemke, ndipo utie mchele uliooshwa na kuchujwa. Ukiona tui limeshuka usawa wa mchele na vitundu vinatokota juu, mimina kasimile, pindua kwa mwiko toka chini mara moja tu, funika, palia makaa. Baada ya hapo usifunue.

Na kilo 3 kwa nazi 5 ni kuupunja wali. Nazi mbili kwa kilo.

#3 Fundi wa Ngamiani
Shikamoo bibi. Tui lina lake, lakini mimi naitazama sufuria. Kilo 3 za mchele zikiiva zinajaza lita kumi hivi. Ukizitia kwenye sufuria moja ndefu, punje za juu zinakaa mbali na moto, na njia pekee ya joto kuzifikia ni mvuke. Mpishi akiona juu pabichi anaongeza kuni. Kuni zinaunguza chini, juu pako vilevile.

Gawa kwenye sufuria mbili pana, kilo moja na nusu kila moja. Mchele mkavu ukishatandazwa usizidi upana wa vidole vinne kwenda juu. Kitako kiwe kizito. Sufuria inayobonyea ukiisukuma kwa kidole gumba haifai kwa wali wa kuni, iachie chai.

#4 Mtu wa Raskazone
Nyote mmeruka upepo. Ushongo ni ufukwe wazi. Kusi ikivuma inalaza mwali upande mmoja wa sufuria, na mfuniko unapozwa muda wote. Ndiyo maana nyumbani kwenye jiko la uani hali hiyo haipo.

Kipimo ni rahisi: utazame ukoko. Ukiwa umeungua upande mmoja kuliko mwingine, ni upepo. Ukiwa umeungua sawasawa kitako kizima, basi Fundi ana haki.

Dawa yake ni kuchimba shimo la kina cha shibiri moja, mafiga yakae humo ndani, na mchanga uliochimbwa uwe ukuta upande unakotoka upepo. Mdomo wa kutilia kuni ukae ubavuni, usielekee upepo wala usiupe mgongo. Ukielekea upepo moto unakuwa wa mhunzi, ukiupa mgongo moshi unarudi kwa mpishi.

#5 Mshambaa wa Magamba
Kiini juu kinatokana na mwinuko. Kambini maji yanachemka kabla hayajawa ya moto vya kutosha, kwa hiyo punje haiivi hata ukiongeza kuni.

#6 Mwalimu wa Makorora
#5 kaka, umesema kweli ya mahali pengine. Ushongo ni usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi moja. Lushoto mjini, karibu mita 1,400, ni kama nyuzi 95. Hoja hiyo inafaa msitu wa Magamba, haifai Pangani.

#7 Mshambaa wa Magamba
Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Kwa watakaopiga kambi huku juu basi: maharage yalowekwe toka usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, na yachemshwe yaive kabisa kabla ya kutia chumvi na nyanya. Nyanya ikitangulia ganda linakaza. Wali huku unataka maji zaidi kidogo na muda mrefu wa kupaliwa. Baridi ya usiku nayo inagandisha mafuta ya nazi kwenye sahani, kwa hiyo wali wa nazi uliwe ukiwa moto.

#8 Mwana Bagamoyo
Kijana ameandika "mchele uleule". Jina la mchele au gunia lilelile? Kuna mchele mpya na mchele uliokaa. Mpya bado una unyevu, ukiupa maji mengi unakuwa bokoboko. Uliokaa unakunywa sana, ukiunyima unabaki na kiini. Mchuuzi akichanganya magunia mawili unapata vyote viwili katika sufuria moja, na ndicho alichokieleza #1.

Uma punje. Iliyokaa inavunjika kwa mlio, mpya inabonyea kidogo kwanza. Uliokaa upe vikombe viwili vya tui jepesi kwa kikombe cha mchele, mpya kimoja na nusu. Kasimile ihesabiwe humohumo, isiwe nyongeza.

Halafu ndugu zetu wa Tanga, Bagamoyo tui halifiki kukatika. Tunakoroga.

#9 Bibi wa Tongoni
Bagamoyo mnakoroga kwa sababu mnaweka kikombe kimoja cha tui kwa kilo mbili, hakuna cha kukatika. Njooni Tongoni mle.

#10 Mpishi wa Pongwe
Nilete la pembeni kuhusu hilo tui. Kukatika si kosa la wali. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini za nazi yenyewe. Likipata moto mkali bila kukorogwa, kuanzia kama nyuzi 80, zile protini zinaganda na mafuta yanaachana na maji. Ndimu na ukwaju vinaharakisha. Kwenye mchuzi ni aibu kwa sababu unaonekana. Kwenye wali mafuta yanarudi kuzipaka punje, na ladha inabaki. Usihangaike nalo, hangaika na ukoko.

#11 Bibi wa Tongoni
Hapana mwanangu. Kuna kukatika kwa moto na kuna kukatika kwa kuchacha. Kwa moto, sawa, wali unalika. Kwa kuchacha, wali unanuka uchungu hata ukipikwa na malaika. Muulize kwanza tui lilikamuliwa wapi na saa ngapi.

#12 Kijana wa Chumbageni
Lilikamuliwa nyumbani saa moja asubuhi, likatiwa kwenye dumu la lita 5, likapikwa saa nane mchana.

#13 Bibi wa Tongoni
Basi. Saa saba ndani ya dumu, kwenye gari, jua la Tanga. Hilo lilifika likiwa limeshaanza safari yake. Beba nazi nzima na mbuzi, ukunie hukohuko. Nazi sita zinakunwa kwa muda ule kuni zinashika. Kila nazi ukiivunja, onja maji yake kabla hujaanza kukuna, iliyooza inajulikana hapo. Moja mbaya inaharibu tui zima.

Ukikosa mbuzi, tui la paketi linafaa, ila lifunguliwe wakati wa kupika na lizimuliwe kwa maji.

#14 Fundi wa Ngamiani
Nimekubali tui lilichacha. Lakini kuchacha hakuunguzi chini. Ukoko unene wa kidole bado una mwenyewe.

#15 Mkata Mnazi
Mwenyewe ni kuni. "Kuni za kuokota palepale" Ushongo ni mivinje, na mvinje ukikauka una moto mkali mno. Majani yake membamba yanawasha moto mara moja, na gogo lake linawaka kama mkaa wa fundi chuma. Unafaa kuchemshia. Haufai kuivishia wali.

Tumia kuni mbili kwa kazi mbili. Mpaka tui lichemke na mchele unywe, mvinje. Ukishamimina kasimile, toa kuni zote, bakiza makaa ya kujaza viganja viwili, na juu ya mfuniko weka mengine mara mbili ya hayo. Vifuu vya nazi sita mlizozikuna vinatoa makaa mazuri ya kupalia, vinakaa dakika 20 bila kuongezwa. Makumbi yanafuka tu, yanafaa kufukuza mbu.

Magogo yaliyoletwa na maji yamejaa chumvi, yanarusha cheche na kula sufuria. Mikoko msiikate, ni marufuku. Mnyaa msiutie motoni, utomvu na moshi wake ni balaa la macho. Mafiga nayo msiyatoe majini: jiwe lililolowa likipata moto, maji ya ndani yanageuka mvuke na jiwe linapasuka na kurusha vipande. Tafuta mawe makavu ya nchi kavu au matofali matatu.

#16 Mtu wa Raskazone
#15 umenikumbusha mchanga. Chini ya juu pakavu ufukwe una unyevu. Moto ukiwashwa moja kwa moja juu yake, nusu ya nguvu inakwenda kukausha mchanga, ndiyo maana mpishi alirundika kuni nyingi mwanzoni. Baada ya nusu saa mchanga umekauka, kuni zilezile zinakuwa nyingi kupita kiasi, na wakati huo ndio tui linakauka. Washa moto dakika 30 kabla ya kubandika, au tandika kipande cha bati kuukuu chini.

#17 Mama Mapishi Mwambani
Mimi naona hesabu ya maji. Viwili kwa kimoja ni kipimo cha nusu kilo nyumbani. Maji yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki sawa na mchele, kwa hiyo kilo 3 kwa kipimo hicho zinazidiwa maji. Anza pungufu, weka birika la maji ya moto pembeni, ongeza kwa upawa ukiona haja. Maji ya baridi yasitiwe katikati ya upishi.

#18 Mtu wa Raskazone
#17 dada, ufukweni upepo unakausha zaidi, si pungufu. Sufuria wazi kwenye kusi inapoteza maji huku unaitazama.

#19 Mama Mapishi Mwambani
Ingekuwa hivyo katikati kusingekuwa na bokoboko.

#20 Mwana Bagamoyo
Bokoboko ni mchele mpya. Nimeshasema #8.

#21 Mpishi wa Pongwe
Kabla hamjaendelea, kuhusu kupalia. Angalieni mfuniko. Wenye kishikio cha plastiki unayeyuka na harufu inaingia kwenye wali. Tumieni mfuniko bapa wa bati wenye ukingo, au sinia kuukuu lililopinduliwa. Chini yake wekeni jani la mgomba lililobabuliwa: lipitishwe juu ya moto upande wa mgongo mpaka rangi igeuke kijani kinachong'aa na jani lilegee. Lisipobabuliwa linapasuka ukilikunja. Linaziba mvuke, na majivu hayaingii. Kiini cha juu kinaisha kwa jani hilo peke yake.

#22 Mtu wa Deep Sea
Samaki mbona mmemwacha? Kambini hakuna kama samaki wa kupaka. Changu au kolekole wa nusu kilo hadi gramu 700, mmoja kwa watu wawili. Chanja mara tatu kila ubavu mpaka uguse mwiba. Kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja, kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa, pilipili. Akae dakika 20, asizidi sana, ndimu inalegeza nyama ikabaki kwenye wavu.

Makaa yawe yamevaa majivu meupe. Weka kiganja juu, usawa wa wavu: ukivumilia sekunde nne au tano, tayari. Wavu upate moto kwanza, upakwe mafuta, ndipo samaki alazwe. Akikatalia usimlazimishe, bado hajaiva upande huo. Akiiva anajiachia mwenyewe.

Cha kupaka ni kasimile ya nazi moja, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu, pilipili, chumvi. Koroga kwenye moto mdogo mpaka ishike kwenye mwiko. Ipua, ndipo utie ukwaju mzito vijiko viwili. Ukiutia ikiwa motoni, rudi #10. Pakia kwa bua la mchaichai lililopondwa ncha, mara tatu kila upande, samaki akiwa ameshaiva. Ukipaka mapema kasimile inaungua na ndani mbichi.

#23 Mwalimu wa Makorora
Naongeza jambo la usalama kwa #22. Jodari, nguru na vibua visikae juani. Nyama yao ikipata joto kwa saa chache inatengeneza sumu aina ya histamini, na hiyo haiondoki kwa kuchoma wala kuchemsha. Anayekula anavimba uso, anawashwa, kichwa kinamgonga. Nunueni asubuhi soko la samaki la Deep Sea, Tanga, au Kigombe, waparuliwe na kutolewa matumbo palepale, wakae katikati ya barafu na si juu yake. Na watoto wakivua wenyewe, yule anayejaza tumbo kama puto, bunju, arudishwe majini. Anaua.

#24 Mdigo wa Mtimbwani
Kwa usiku wa pili, wakati barafu imeisha, bada (ugali wa makopa, yaani mihogo iliyokaushwa) na dagaa. Unga wa makopa unaiva haraka kuliko wa mahindi. Maji lita moja yachemke, unga nusu kilo au kuzidi kidogo, punguza moto kabla ya kutia, songa kwa nguvu mpaka uvutike na rangi ikolee. Moto ukiwa mkubwa unashika nje na ndani unabaki mbichi. Dagaa wakavu wakaangwe bila mafuta mpaka wanukie, waoshwe kwa maji ya moto kuondoa mchanga, kisha kitunguu, nyanya na tui jepesi, dakika kumi.

#25 Mkata Mnazi
Mihogo je? Menya, toa mti wa katikati, chemsha kwa maji ya bahari. Chumvi ya bure.

#26 Mwalimu wa Makorora
Maji ya bahari matupu yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, vijiko sita vya chai hivi. Mihogo haitalika. Kipimo kimoja cha bahari kwa vitatu vya kisima kinatosha. Yachotwe mbali na mlango wa mto na mbali na wanapoparulia samaki.

#27 Mama Mapishi Mwambani
Kwa watakaokwenda na gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu: kinga ya upepo isiuzunguke mtungi, joto likirudi chini ni hatari. Ikingwe sufuria tu, upande mmoja. Na mvua ikija, jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema hata kama makaa yamebaki machache. Hewa yake haina harufu, mtu analala asiamke.

#28 Kijana wa Chumbageni
Ahsanteni sana wote. Nimeandika: sufuria mbili pana, nazi sita na mbuzi, shimo, bati chini, matofali, jani la mgomba, vifuu vya kupalia, mchele wa gunia moja.

#29 Fundi wa Ngamiani
Ukibadilisha yote kwa mkupuo wali utatoka mzuri, lakini hutajua kosa lilikuwa lipi. Kwa kuwa una sufuria mbili, moja iwe juu ya bati na nyingine mchanga mtupu. Mengine yawe sawa.

#30 Mtu wa Raskazone
Na zote mbili ndani ya shimo, nje ya upepo. La sivyo tutarudi kubishana.

#31 Mwana Bagamoyo
Na uume mchele kwanza.

#32 Bibi wa Tongoni
Makaa mkimaliza myamwagie maji, msiyafukie mchanga. Yakifukiwa yanakaa na moto kwa saa nyingi, na mtoto anayetembea peku hayaoni.

Na ukoko usiutupe. Ukiwa wa rangi ya kahawia, pakua wali wote, kisha kitako cha sufuria ukiweke juu ya mchanga uliomwagiwa maji, umefunika, dakika tano. Utasikia unalia. Mvuke unaubandua wenyewe, unatoka mzima kama chapati. Vunja vipande, nyunyizia chumvi kidogo, na kasimile iliyobaki kwa Mtu wa Deep Sea uchovyee.